Piko Lililotaka Kunizika

Aibu hii ni yangu na sina wa kumgawia, ila walioiona nawataja kwanza, ili mtu asije akasema nimejitungia. Alikuwepo mjukuu wangu Sechelela, mtoto wa mwanangu Yohana, anayesomea mambo ya damu chuo kikuu mjini Dodoma. Alikuwepo mwenzake Anjela, nesi, binti wa Kondoa, mpole kuliko wote na ndiye aliyenitesa kuliko wote. Alikuwepo Damari Masima, mwenyekiti wetu wa umoja wa akina mama kanisani, ambaye tuliolewa kijiji hiki mwaka mmoja na mpaka leo hajakubali kwamba mimi nilitangulia. Alikuwepo shemeji yangu mzee Yona, mdogo wa marehemu mume wangu, mtu wa maneno mengi. Na mwishoni akaja jirani yangu Bi Salma, ambaye kwake ndiko mambo yalikoanzia. Wengine walikuwa kijiji kizima, na nikiwataja wote tutakesha (nawakumbuka, mpaka Mama Eliza aliyejificha nyuma ya choo cha zahanati ili asiitwe).

Bi Salma alikuwa anamwoza binti yake Mwanaidi. Mimi nilikwenda kusaidia kuchambua mchele, nikakuta ndani wamekaa wasichana, mpakaji ametoka mjini na vichupa vyake, bibi harusi ananyoosha miguu anachorwa maua. Nikakaa pembeni na ungo wangu. Bi Salma akaniangalia akasema, "Mama Yohana, weka ungo chini, lete mkono."

Nikamwambia, "Mimi mkono wangu ni wa jembe, Bi Salma. Tena mimi mtu wa kanisa."

"Kanisa lenu linakataza vidole?"

Nikafikiri, na kwa kweli sikukumbuka siku ambayo mchungaji alikataza vidole. Nikaunyoosha. Hilo ndilo kosa, ndugu zangu, dogo namna hiyo, kunyoosha mkono tu. Yule mpakaji akanipaka piko ncha zote za vidole, na kucha zote, nyeusi ti, halafu akasema miguu ikibaki hivi hivi itaonea wivu mikono, basi na miguu akaipaka. Niwaambie ukweli, nilipenda. Nilikwenda nyumbani nikakaa kwenye kigoda nikaiweka mikono mapajani nikaitazama, hii mikono iliyolima uwele na kuchuma zabibu za watu huko Makutupora tangu ujana, haijawahi kupambwa hata siku moja, hata siku niliyoolewa mimi nilipakwa mafuta tu basi.

Nikiwa bado naitazama ndipo nikakumbuka kwamba siku ya Sechelela imekaribia, na kwamba nitakaa kwenye kiti mbele ya kijiji kizima, mikono nje, na Damari akiwa mstari wa mbele.

Sasa hiyo siku ya Sechelela ni siku gani, nieleze. Huyu mtoto ana kazi yake ya chuo, na alinieleza tukiwa tunachambua mlenda, akasema bibi, ndani ya damu kuna chembe nyekundu, ndogo sana, ndizo zinazobeba hewa kutoka kifuani kuipeleka mwilini, na hazina kiini, yaani zile chembe nyingine za mwili zina kitu katikati kama nyumba inavyokuwa na mwenye nyumba, lakini hizi hazina, kwa hiyo mtu anaweza kudhani ni mifuko tu ya kubebea. Lakini si mifuko. Chembe ikifika mahali palipopungukiwa hewa, tuseme mguu wa mtu anayepanda mlima na mzigo wa kuni, inahisi, na vitu vilivyo ndani yake vinaanza kupashana habari, hiki kinakigusa hiki, hiki kinakiamsha kile, mpaka habari inafika kwenye ngozi ya chembe na kutoka nje, na mshipa unasikia, unajipanua, damu inapita kwa wingi. Nikamwambia, basi ni kama sisi msiba ukitokea, nyumba ya kwanza inaita ya pili, ya pili inaita ya tatu, jua halijapanda kila mtu ameshaleta unga. Akacheka, akasema ndiyo bibi, hivyo hivyo, ila bila unga.

Yeye alichotaka kujua ni kama tukizeeka zile habari bado zinapita vizuri humo ndani ya chembe au zinakwama njiani. Kwa hiyo alihitaji damu ya wazee, kidogo tu, ya kujaza kichupa. Na wazee wetu walikataa. Shemeji yangu Yona alikuwa amepita kila nyumba akiwaambia kwamba damu ya mzee ikitoka hairudi, na kwamba haijulikani inakopelekwa (alitaja na mumiani, na nikimuuliza aliwaona wapi anasema waliwahi kumwona yeye). Sechelela akaja kwangu macho mekundu, akasema, "Bibi, wakikataa wote mwalimu wangu ataipeleka hii kazi kwa mwanafunzi mwingine, mkoa mwingine. Mimi nitaanza upya, na sijui kama nitaanza."

Nikamwambia asilie. Nitatoa mimi wa kwanza, mbele yao wote, wakiona sijafa watatoa.

Mnaona basi. Ahadi kubwa hivyo, na mimi nina piko.

Nikaanza kulisugua. Nilisugua kwa majivu, nikasugua kwa limau, nikasugua kwa steliwaya ya kusafishia sufuria mpaka ngozi ikawaka, na piko likakataa kutoka ila likakubali kubadilika, kutoka weusi wake mzuri likawa rangi ya kijivu inayoelekea ubuluu, rangi ambayo ukiiona kwenye kidole cha mtu unamuuliza ameanza kuumwa lini. Uzuri ukatoka, ikabaki rangi tu. Basi nikaamua nitaificha mikono kwenye kanga, nitoe kiwiko tu, kwa sababu sindano inaingia kwenye kiwiko. Niliona nimepanga vizuri.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, kwenye baraza la zahanati yetu. Watu walikuja wengi, sio kutoa, kuangalia. Sechelela akawasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," nao wakaitikia, akawaeleza, na hakuna aliyesogea. Yona akasema kutoka nyuma, "Endeleeni, sisi tunaangalia." Mimi nikasimama, nikapita katikati yao, nikakaa kwenye kiti, mikono imelala chini ya kanga kama vifaranga.

Anjela akaja. "Shikamoo bibi. Kabla ya sindano naomba kidole, nipime hewa iliyoko kwenye damu. Hakiumi, ni kibanio tu."

Hicho kidole sikukipanga mimi. Nikamwambia, "Marahaba mwanangu, mikono ina baridi, pimia humu humu," nikainua kanga kidogo, naye kwa heshima zake akapitisha kile kibanio kwa chini bila kuangalia, kikanibana kucha, halafu akakichungulia. Akakitikisa. Akahamia kidole kingine. Akahamia kingine tena, na uso wake nikaona unabadilika, akamwita Sechelela kwa sauti ya chini, akamwambia, "Inasoma sabini na kitu, nyingine haisomi kabisa."

Mimi sikujua sabini ni nyingi au ni chache, nilipokuwa shule (nimeishia la nne) ukipata sabini unapigiwa makofi. Lakini Sechelela akapiga magoti mbele yangu akafunua ile kanga kidogo, pale kwenye kivuli cha baraza, akaziona ncha za vidole vyangu, za kijivu na ubuluu. Akazifunika tena haraka.

"Bibi, unapumua vizuri?"

"Napumua."

"Kifua hakibani?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, mjukuu wangu, hili ni piko la kwa Bi Salma. Neno moja tu. Lakini Damari alikuwa ameshasogea, ameinamisha kichwa chake kati yetu anasikiliza kila kitu, na mimi nikajisemea nikikubali kwamba naumwa watanipeleka chumba cha ndani, na huko nitamnong'oneza Sechelela peke yake, yaishe. Kwa hiyo nikasema, "Kinabana kidogo."

Ndugu zangu, nilibebwa. Anjela miguuni, Sechelela kichwani, nikapita hewani juu ya kijiji changu kama gunia la uwele, na kabla sijafungua mdomo kumweleza yeyote nilikuwa nimelazwa kitandani na mpira wa hewa umefunika pua na mdomo. Nikajaribu kuuvuta. Anjela akanishika mkono kwa upole akasema, "Tulia bibi, usiongee, unamaliza hewa." Nikajaribu kusema piko, ikatoka "mm-mmo". Anjela akamwambia Sechelela, "Ameanza kuchanganyikiwa."

Sasa sikilizeni habari inavyosafiri. Dirisha lilikuwa wazi, nasikia kila kitu. Kwanza nikamsikia Yona, wala hakupaza sauti, akasema tu, "Si niliwaambia. Hata sindano haijaingia." Nikasikia viatu, watu wanaondoka. Halafu nikamsikia Damari anaongea na simu, anamwambia mwanangu Yohana, ambaye anafanya kazi ya ujenzi Msalato, "Njoo, mama yako hali si nzuri," na nadhani Yohana akampigia shangazi yake aliyeko Buigiri, na shangazi yake ni mtu wa kulia kwanza kuuliza baadaye, kwa sababu haikupita muda simu zikaanza kurudi kijijini zikisema poleni sana. Nikasikia wanawake wanafika na wanauliza unga uwekwe wapi. Wengine wakabishana mafiga yakae upande gani wa nyumba yangu, na Mama Eliza (ameshatoka nyuma ya choo) akasema upande wa mashariki kuna upepo. Na upo kweli.

Halafu nikamsikia Damari, amekaa chini ya dirisha, anawasimulia wenzake. "Alikuwa mtu mzuri," anasema. "Mkarimu. Ila alikuwa mbishi."

Alikuwa. Na nisiwafiche, kwa muda kidogo nikaanza kuamini. Nikajiuliza kama kweli hewa imeniishia na mimi sijui, kwa sababu wao ndio wenye kipimo, mimi nina nini, nina kifua tu, nacho kilikuwa kinakwenda mbio.

Lakini kilichoniuma zaidi ni Sechelela. Alikuwa amesimama kwenye kona ananipa mgongo, anarudisha vile vichupa vitupu kwenye boksi, kimoja kimoja, analia bila sauti, anamwambia Anjela, "Nimeacha. Ita gari limpeleke mjini. Hii kazi sitaki tena, nimemleta bibi yangu kwenye kiti nikamuua mbele za watu." Nikapiga teke kitanda ili anitazame. Akaja mbio, akanifunika miguu vizuri, akaniambia, "Nisamehe bibi." Nikatamani ardhi inimeze na kitanda chake.

Aliyeniokoa ni Bi Salma. Alikuja hana viatu, kanga imemwanguka begani, analia njia nzima, akawapita wote barazani mpaka mlangoni akasema, "Ni mimi. Mwacheni huyo mtoto, ni mimi nimemuua Mama Yohana. Piko langu limemwingia kwenye damu."

Hata Yona alinyamaza, na hilo ni jambo la kukumbukwa.

Sechelela akasema, "Piko gani?"

Akanifunua mikono. Safari hii aliipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akaikwaruza kwa kucha, akainusa. Halafu akanitazama usoni, na mimi nikafumba macho, kwa sababu sikuwa na pengine pa kujificha.

"Bibi. Umepakwa piko?"

"Mm," nikasema kwenye mpira.

Ikabidi apime mahali pasipo na rangi. Akanivua viatu, akakuta miguu nayo, ukucha wa kwanza mpaka wa mwisho. Anjela akakaa chini kabisa, sijui ni kucheka au kuchoka. Sechelela akasema, "Bibi, umebakiza wapi?" Halafu akasema mwenyewe, "Sikio."

Hapo napo kuna jambo. Mimi masikio yangu yalitobolewa nikiwa mdogo, kama wasichana wa Kigogo wa wakati wetu, mama yangu Nyamizi akaweka kijiti, akaweka kinene zaidi, mpaka ndewe ya sikio ikawa kitanzi, unapitisha vidole. Tulikuwa tunaringa nayo. Halafu nikaenda shule, nikachekwa, na tangu hapo nafunga kitambaa, nalala nacho, hata Sechelela hakuwahi kuyaona vizuri. Sasa amenyoosha mkono kwenye kitambaa changu na amesita, ananiuliza kwa macho. Nikakifungua mwenyewe. Nilishaaibika mikono na miguu, sikio litanifanya nini.

Akakining'iniza kile kibanio kwenye kile kitanzi cha nyama, chembamba, safi, hakina piko. Sote tukakitazama, mimi kwa pembeni. Kikafikiri. Halafu Sechelela akasoma, "Tisini na saba." Akasoma tena. Akakaa kitandani akaniegemea akalia upya, ila kilio hiki kilikuwa cha aina nyingine, nami nikamshika kichwa kwa vidole vyangu vya kijivu. Anjela akanitoa mpira.

Neno langu la kwanza nililisema kuelekea dirishani. "Damari. Mbishi ni nani?"

Nasikia alianguka kwenye gunia la unga. Sikumwona, lakini nilimsikia.

Walicheka watu, walicheka mpaka waliokwisha kuondoka wakarudi kuuliza kuna nini. Lakini Sechelela alikuwa bado anatazama lile boksi lake, na mimi nikaelewa kwamba nisipotoka sasa hivi wataondoka na kicheko chao na kazi yake itabaki hapo hapo. Basi nikatoka. Bila kitambaa, masikio yananing'inia, mikono nimeinua juu wote waione, nikakaa kwenye kile kile kiti nikamwambia Anjela, "Haya, toa."

Yona akasema, "Shemeji, umeolewa lini tena? Mbona hatukuletewa mahari?"

Nikamwambia, "Njoo ukae hapa uchomwe, nikuone kama wewe ni mwanaume wa kupokea mahari."

Damu ikaingia kwenye kichupa, nyekundu, tulivu, na Sechelela akiwa amesimama pembeni yangu akawaeleza watu kwamba kile kibanio kinapitisha mwanga mwekundu kwenye kidole kinasoma rangi ya zile chembe, zenye hewa ni nyekundu ya kung'aa, zisizo na hewa zimefifia, na piko lilikuwa limefunga pazia, kibanio kikakisia giza. Wakaniangalia nijifie. Sikufa. Nikasimama, nikajinyoosha, nikamwonyesha Yona kiti. Akakaa, kwa sababu asingekaa angeisikia mpaka kaburini kwake, na alipochomwa aligeuza uso akafumba macho (Damari shahidi). Baada yake wakaja wengine, na Mama Eliza, na Damari mwenyewe, hadi vichupa vikaisha.

Na ule unga wa msiba wangu haukurudi makwao. Waliupika pale pale nyumbani kwangu, upande wa mashariki penye upepo, ugali na mlenda, na mimi nikaula msiba wangu kwa mikono yangu miwili. Yohana alifika kutoka Msalato amejaa vumbi la saruji, akanikumbatia akalia, kisha akanikasirikia, kisha akaosha mikono akala.

Sechelela alinipigia simu baadaye. Chembe zangu bado zinasikia, anasema, na habari bado zinapita. Kazi yake inaendelea. Nilipoisikia sauti yake ndipo nilipoketi kweli, maana tangu siku ile nilikuwa kama mtu aliyeweka mzigo chini lakini shingo bado haijaamini.

Piko sijaapa kuliacha. Mwanaidi ana mdogo wake, naye ataolewa. Nilichoapa ni kwamba mtu yeyote akiniomba kidole ili anipime, nitatoa mkono wote, na nitataja kilichopo kabla hajauliza, hata Damari akiwa amenikalia mapajani.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Kama kuna jina nimelikosea, au kuna aliyekuwepo nikamsahau, au mafiga yalikuwa upande wa magharibi, mnisahihishe tu, mimi ni mzee. Ila kuhusu nani aliolewa kwanza kati yangu na Damari, hapo msinisahihishe.